Meneja Asiyeomba Kupunguziwa

Simu yangu imejaa. Mtu wa umri wangu simu yake ingejaa picha za wajukuu na mawaidha ya Ijumaa, lakini yangu imejaa matangazo ya kazi mnayonitumia nyinyi vijana. "Mzee Khatibu, hebu itizame hii, ya kweli?" Naitizama. Kuna hoteli inataka wapishi, na imesema wazi kwamba si lazima wajue kupika. Kuna kampuni ya mafuta inamtaka mtu yeyote, wa umri wowote, mwenye elimu yoyote, mradi awe na simu inayotuma pesa. Kuna meli ambayo mshahara wa muosha sahani wake ungemfanya nahodha aombe kuosha sahani.

Mimi si ofisi ya kazi. Mimi ni fundi charahani. Nimeshona sare hapa Chake Chake mpaka macho yakakataa kuliona tundu la sindano, na hapo ndipo nilipostaafu, bila barua wala sherehe. Nimeshonea walinzi, wauguzi, wahudumu wa hoteli, na watoto wa skuli wasiohesabika. Lakini najua kwa nini mnaniuliza mimi. Mnaniuliza kwa sababu ya Meneja na mambo ya ukumbi wa harusi. Kisa hicho wengi wenu mmekisikia kwa watu ambao hawakuwapo. Mimi nilikuwapo. Nilikaa meza ya mbele kabisa, futi kamba shingoni, kama pambo.

Kabla ya kufika huko, nataka mjue muajiri wa kweli anafanana vipi, maana naona mnamdhania kuwa mtu mpole.

Nilijifunza kazi kwa Fundi Shaame, Wete. Mtu mfupi, mkali, hakucheka ila pale sindano ilipomchoma mtu mwengine. Alinifundisha kwamba mteja wa sare unamjua kwa maswali yake. Mteja wa kweli atauliza kitambaa kinachuja au hakichuji. Atauliza nani atafua, na kwa mkono au kwa mashine. Atataka vifungo vya bei ndogo, halafu atalalamika kwamba vifungo ni vya bei ndogo. Bwana mmoja mwenye hoteli alinitaka nishone suruali za wahudumu bila mifuko, eti wasipate pa kuweka bahashishi kabla yeye hajaiona. Niliposhona akagundua hawana pa kuweka kalamu, akarudi kunigombeza mimi. Huyo alikuwa muajiri wa kweli. Aliwalipa watu wake kila mwezi, huku akinuna.

Na mwengine nitamtaja kwa sababu yeye alinikuta na kosa. Nilipewa suruali za kaki za walinzi, na mimi, kwa haraka ya ujana, nikakata kitambaa bila kukirowesha kwanza. Zilipofuliwa mara moja tu zikapanda. Mkubwa wa walinzi wale alikuja na watu wake wote, akawapanga mbele ya duka langu barabarani, suruali zimefika katikati ya miundi, akanambia nitoke nje niwatizame. Watu walisimama. Mwenye duka la jirani aliacha kuuza. Nilitukanwa pale kutoka adhuhuri mpaka alasiri, kisha akaniletea kitambaa kipya nishone tena.

Muajiri ndiye huyo. Ana walinzi wanaoonekana, ana suruali zinazopanda, ana hasira kwa sababu ana kitu cha kupoteza. Sasa mlinganisheni na Meneja.

Alikuja dukani asubuhi, joto la Chake mnalijua, na yeye amefunga tai mpaka juu. Kadi yenye picha yake inaning'inia kifuani. Akasema yeye ni Meneja wa Ajira wa kampuni inayopeleka vijana kufanya kazi kwenye hoteli kubwa huko Ghuba, na safari hii wameamua kuchukua vijana wa Pemba peke yao.

"Kwa nini Pemba?" nikamuuliza.

"Uaminifu, mzee wangu. Huko nje Wapemba mnasifika kwa uaminifu."

Tulikuwa watu watatu dukani, na sote watatu tukatikisa kichwa kwamba ni kweli. Angalieni hapo. Hakuna aliyeuliza nani anayetusifu, na wapi. Mtu akikusifia kabila zima kwa pamoja unaona uchoyo kumpinga.

Alitaka nishone sare za vijana wote atakaowachukua. Nikamuuliza kitambaa gani. "Chochote kizuri." Rangi? "Utakavyoona wewe, ndiwe fundi." Mikono mirefu au mifupi? "Vyovyote." Nani atafua? Akacheka, akanipiga bega. Nikamtajia bei. Nami nilitaja bei kama fundi anavyomtajia mgeni mwenye tai, yaani nimeacha nafasi ya kushuka. Yeye akasema, "Sawa."

Sawa! Nilishtuka mpaka nikakaribia kuipunguza mwenyewe.

Hapo ndipo Fundi Shaame, Mungu amrehemu, angeweka mkasi chini. Mtu asiyeomba kupunguziwa hana nia ya kulipa. Lakini Meneja hakunipa nafasi ya kufikiri. Aliinama akanambia kwa sauti ya chini kwamba kampuni inafungua idara ya sare, na wanamtafuta mtu mzima, mwenye uzoefu, awe mkuu wake. Hata macho yakiwa yamechoka si tatizo, atakuwa na mafundi chini yake. Atakuwa na ofisi.

Nililifunga duka mapema siku hiyo. Nilitembea mpaka nyumbani nikiiona ofisi. Niliiona mpaka pazia lake.

Bi Time, mke wangu, alikuwa anachambua mchele. Nikamweleza yote. Akanisikiliza bila kunyanyua macho.

"Na mshahara kakwambia?"

"Kasema utanishangaza."

"Mbona ushakushangaza tayari," akasema, akatupa chuya kwa kuku.

Nilikasirika. Nasema haya mjue kwamba mtu wa aina ile hawatafuti wajinga. Anamwendea kila mmoja na kile hasa anachokitamani. Kijana anampa safari. Mimi mzee niliyekuwa nimeanza kuchoka alinipa kiti cha kukalia.

Usaili ulifanyika kwenye ukumbi wa harusi. Kulikuwa na harusi Jumapili, na maua ya karatasi yalikuwa bado ukutani, pamoja na vile viti viwili vikubwa vya maharusi jukwaani. Meneja akakaa kimoja. Vijana wakawa wanaitwa mmoja mmoja wanapanda mbele yake.

"Uko tayari kujituma?"

"Niko tayari."

"Hongera, umepita."

Wote walipita. Kulikuwa na kijana amekuja kumletea nduguye chaja ya simu, naye alipandishwa na akapita. Aliyepita alitakiwa kulipa mara tatu: ada ya usajili, ada ya kupimwa afya, na mwisho ile kubwa, ada ya mafunzo na sare. Akishalipa zile mbili ndogo anakuja kwangu kupimwa nguo, na wanawake wanapimwa na Bi Time nyuma ya pazia. Bi Time alikuja kwa shingo upande, alisema anataka kuuona mwisho wake.

Sasa mnafahamu kazi yangu pale ilikuwa nini. Mtu aliyekuwa na shaka aliangalia meza ya mbele akamwona Mzee Khatibu, aliyemshonea sare ya darasa la kwanza. Shaka ikamtoka.

Waliopita wote siwezi kuwataja. Nitawatajia wawili, na wote wameniruhusu.

Mmoja ni Zuwena wa Pujini. Zuwena alikuwa anafuma kofia, kofia za mkono hasa, na alikuwa ananiletea dukani nimuuzie. Alikuwa amesoma kozi ya hoteli na cheti chake amekikinga kwenye nailoni. Yeye peke yake nilimsikia akimuuliza Meneja swali: "Nikifika nitafanya kazi gani hasa?" Meneja akamjibu, "Utapangiwa ukifika." Zuwena akasimama kidogo, kama mtu aliyekanyaga kitu kwenye giza, kisha akashuka.

Wa pili ni Hamadi wa Vitongoji. Kijana mwembamba. Nilipompima kifua alijaza pumzi mpaka nikadhani atapasuka.

"Toa pumzi, mwanangu. Utaivaa sare huku unapumua."

Akacheka. Furaha ilikuwa inambubujika. Akanambia hiyo ada kubwa mama yake ameshamtafutia mnunuzi wa ng'ombe. Wana ng'ombe mmoja, wa maziwa, na maziwa yale ndiyo yanayoendesha nyumba tangu babaake alipofariki. "Lakini mshahara wa mwanzo tu, Mzee, namnunulia wawili."

Niliandika kipimo chake, nikamwita anayefuata.

Usaili ulipokwisha nilimfuata Meneja nikamwomba fedha za kitambaa, walau kidogo. Vijana wanatakiwa wasafiri mwezi uleule, na sare hazishonwi kwa siku moja. Akasema wiki ijayo. Nikamwambia wiki ijayo hazitawahi. Akasema, "Utawahi tu, mzee, nakuamini." Mtu mwenye haraka ya safari ambaye hana haraka ya kitambaa! Siku hiyohiyo Hamadi akanionyesha kwenye simu yake namba waliyopewa ya kulipia. Ukiandika namba, kabla pesa haijatoka, jina la mpokeaji linajitokeza. Lilijitokeza jina la mwanamke. Si la kampuni, wala la Meneja.

"Nilimuuliza," Hamadi akasema haraka. "Kasema ni mhasibu wao."

"Hamadi, kampuni gani hiyo haina mlango? Umewahi kuiona ofisi yao? Umewahi kuzungumza na mtu mwengine wa kampuni asiyekuwa huyu?"

"Mzee, kazi siku hizi zinafanywa kwa simu."

"Basi subiri. Usiuze kitu mpaka—"

"Nisubiri nini?" Sauti yake ikapanda. "Nyinyi wenzetu mshakula maisha yenu. Mimi nikisubiri nitakuwa nani hapa?"

Muongo wa kazi anafanikiwa kwa sababu njaa ya kazi ni ya kweli, na hilo msimruhusu mzee yeyote awacheke nalo.

Kufikia jioni maneno yangu yalikuwa yameshamfikia Meneja, naye ameandika kwenye kundi la WhatsApp alilowafungulia vijana kwamba kuna mzee mmoja, hataki kumtaja, anawatia watu hofu kwa sababu kampuni imekataa kumpa kazi. Hakunitaja, ila alisema ni fundi. Kesho yake vijana niliowapima kiuno kwa mkono wangu walikuwa wananiona wanavuka barabara. Mmoja alinipa shikamoo huku anaangalia pembeni, kama anayeisalimia nguzo ya umeme. Na ile ofisi yangu, na pazia lake, sikuisikia tena.

Nikamwambia Bi Time nitarudi kwa Hamadi nimsemeshe tena.

"Usimsemeshe Hamadi," akasema. "Mtu keshafunga mzigo hasikii. Msemeshe mwenye ng'ombe."

Tukaenda Vitongoji. Bi Maryamu, mama yake Hamadi, alitupokea vizuri, akatusikiliza mpaka mwisho. Hakusema tumesema kweli, wala hakusema tumesema uongo. Akafikiri. Kisha akasema, "Mie simjui huyo Meneja, siwezi kumtia ubaya. Lakini mtu anampeleka mwanangu ng'ambo na mie sura yakwe sijaiona? Aje ale kwangu. Akija akila, ng'ombe atauzwa."

Hamadi akapeleka salamu. Meneja akajibu yuko kikaoni. Akapeleka tena, Meneja anasafiri. Bi Maryamu akasema yeye hana haraka, na ng'ombe pia hana. Nadhani ni ada ile kubwa iliyomvuta Meneja, maana siku ya tatu au ya nne akaja, na tai yake. Mimi na Bi Time tukaitwa pia. Hamadi aliponiona mkekani hakuniangalia usoni.

Ulipakuliwa wali wa nazi na mchuzi wa pweza. Bi Maryamu akakaa karibu na mlango, kanga imefunika kichwa.

"Karibu mwanangu. Jina lako nani?"

"Mimi, mama, ni Meneja wa Ajira wa—"

"Hilo la kazini. La nyumbani?"

"Ali."

"Ali wa nani? Wa wapi?"

Akajibu. Akasema kwao Tanga, mama yake amekufa yeye mdogo, amelelewa na bibi. Bi Maryamu akasema Mungu amrehemu, akamwongeza pweza. Akamuuliza kuhusu bibi, akaelezwa bibi. Meneja alijibu kila swali, kwa adabu, na kwa namna iliyonifanya mimi, niliyekwenda pale kumwona akianguka, nianze kuona haya kwa niliyoyasema. Mtu yule alikuwa na kipaji. Angeomba kazi ya kweli popote angeipata.

"Na huko mwanangu atalala wapi?"

"Kuna bweni, mama. Kila chumba na kiyoyozi."

"Akiumwa?"

"Hospitali ya kampuni, bure."

"Akifa?"

"Mama!" Hamadi akaruka.

"Nyamaza. Akifa, mwanangu?"

"Akifa, Mungu apishe mbali, kampuni inamrejesha kwa ndege mpaka nyumbani. Gharama zote zao."

"Alhamdulillahi. Watu wazuri hao." Bi Maryamu akamwongeza wali. Mimi nilikuwa nimeinama kwenye sahani. Nilijua ng'ombe amekwenda. "Basi mie nina ombi moja dogo. Hiyo ada mnayoitaka, mkateni kwenye mshahara wakwe wa mwanzo. Mkitaka na wa pili mkate, mie sisemi neno."

Meneja akatabasamu. "Taratibu za kampuni haziruhusu, mama."

"Kampuni inayorejesha maiti kwa ndege haiwezi kungoja mwezi mmoja?"

"Ni sheria, mama. Na nafasi ni chache, kesho orodha inafungwa. Kuna vijana wengi wanaililia hii nafasi ya Hamadi."

"Ndinyi mliosema Wapemba waaminifu?"

"Waaminifu sana, mama."

"Basi mwaminini."

Nilisikia kuku wanaparura nje. Kwa mara ya kwanza nikaona mkono wa Meneja unakwenda kwenye tai.

"Hao wenye haraka waende," Bi Maryamu akasema, sauti yake ileile ya kukaribisha. "Hamadi atakwenda safari nyengine. Ongeza mchuzi, mwanangu, umekula kidogo."

Na Meneja, kwa kweli, akaongeza mchuzi. Alimaliza wali, akanawa, akashukuru, akaondoka. Mpaka leo Bi Maryamu husema kwamba kama mgeni hakuwa na kasoro.

Hamadi alitoka kwa mlango wa nyuma bila kuaga mtu.

Kesho yake orodha ilifungwa kweli, pamoja na simu ya Meneja. Kwenye kundi yakatokea maneno madogo kwamba fulani ametoka. Vijana walikwenda ukumbini wakamkuta mwenye ukumbi, naye alikuwa anamtafuta Meneja, maana hata yeye aliahidiwa kulipwa wiki ijayo. Alikuwa juu ya ngazi anabandua maua ya karatasi, kuna harusi nyengine.

Mtadhani hapo watu waliniomba radhi. Wakanilaumu! Wapo waliosema Meneja alikuwa mtu wa kweli, ila alichukizwa na maneno ya Wapemba akaamua kupeleka nafasi kwengine. Mimi na Bi Maryamu ndio tuliomkimbiza, mmoja kwa wivu, mwengine kwa ubahili wa ng'ombe. Hamadi alikaa wiki nzima hasemi na mama yake. Alikunywa maziwa, lakini hasemi.

Halafu habari zikaja kwamba watu wa Chokocho nao walipitiwa na mtu huyohuyo, na mtindo ni uleule, na hapo lawama zikageuka. Ghafla Chake nzima ikawa ya werevu. Kila niliyemuuliza alisema aliingia ukumbini kwa kutizama tu. "Mimi nilimshtukia mapema, Mzee." "Mimi sikumpa hata senti." Ukiwasikiliza, Meneja alikaa kwetu muda wote ule, akala, akalala, akavaa viatu vinavyong'aa, na hakuna hata mtu mmoja aliyempa kitu. Nilikaribia kumwonea huruma.

Mtauliza kama alipatikana. Alipatikana, mbali na hapa, akiwa kwenye ukumbi mwengine. Pesa hazikurudi, msije mkangojea hilo katika kisa hiki. Lakini alipatikana kwa sababu ya maelezo yaliyoandikwa hapa kwetu, na maelezo hayo yalikaribia kukosekana.

Sheha wetu aliitisha mkutano skuli. Wanaume upande huu, wanawake upande ule, na mbele amekaa askari wa upelelezi, kijana mpole, na karatasi zake. Akasema ana namba ya simu, ana sura, ana jina la uongo. "Lakini nataka watu waliolipa. Ujumbe aliowatumia, siku mliyotuma. Bila nyinyi sina kesi, nina hadithi. Nani alilipa?"

Darini mwa skuli ile mna feni isiyofanya kazi. Sote tuliinyanyulia macho tukaanza kuitizama. Hamadi alikuwa ameketi nyuma yangu na nilimsikia akipumua.

Askari akauliza tena. Sheha akakohoa. Nikaona askari anaanza kuzikusanya karatasi zake.

"Mimi nililipa."

Alikuwa Zuwena. Alisimama upande wa wanawake, simu mkononi. "Nililipa zote tatu, halafu akanipigia akaniambia kuna na ya viza. Nikalipa na hiyo."

Mtu mmoja upande wetu akacheka. Si kwa ubaya sana, ni kile kicheko cha mtu anayeona ameponea. Zuwena akamgeukia.

"Cheka," akasema. "Kofia nilizofuma mwaka mzima zimekwenda, cheka. Lakini ujumbe wake ninao wote, sikufuta hata mmoja. Wewe wako umefuta?"

Yule mtu akawacha kucheka. Akatizama miguu yake. Kisha, polepole, akasimama. "Sikufuta," akasema. Watu wakageuka. Alikuwa mtu mzima, na watoto wake wanasoma skuli hiyohiyo.

Baada ya hapo ilikuwa kama mlango umevunjika. Akasimama mmoja, wakasimama wawili, akasimama yule aliyeleta chaja. Askari alizifungua tena karatasi na akaomba kalamu nyengine. Vijana, mimi nimeiona mitego mingi inayotumwa kwenye simu yangu, na yote inategemea kitu kimoja ambacho hakiandikwi kwenye tangazo: kwamba ukishaliwa utanyamaza. Mliokwisha liwa, msinyamaze. Siku ileile semeni, kabla namba haijafungwa.

Nilisikia kiti kinasogea nyuma yangu.

"Na mimi," Hamadi akasema. Hakusimama sawasawa, amejikunja, mkono mmoja umeshika kiti. "Ada ya usajili na ya kupimwa. Kabla ya ile ya ng'ombe. Niliuza baskeli. Nyumbani nilisema imeibiwa."

Hapo hata feni hatukuitizama. Macho yote yakaenda upande wa wanawake, kwa Bi Maryamu. Alikuwa amekaa mstari wa kati. Nilimwona anaitengeneza kanga yake kichwani, taratibu, kama mtu anayejiandaa kuondoka. Akasimama. Nikasema leo kijana huyu atalaniwa mbele ya watu.

"Hamadi," akaita.

"Naam, mama."

"Simama wima, askari apate kukuandika."